Ramani ya Lahaja Katika Saraka ya Mtandaoni: Uchaguzi wa Zana na Chanzo cha Hitilafu

Saraka, kwa maana tunayoikusudia katika makala haya, ni orodha iliyopangwa ili mtafutaji aweze kupata kitu pamoja na mahali kilipo. Orodha ya lahaja za Kiswahili iliyowekwa katika tovuti, ikitaja jina la kila lahaja, miji na vijiji inamosemwa, kanda zilizorekodiwa na maandishi yanayoihusu, ni saraka kamili. Kazi ya namna hii inawavutia wanaisimu wengi siku hizi, na takriban kila aianzaye hutaka iwe na ramani, maana swali la kwanza aulizalo mtu akisikia jina la lahaja ni: hiyo husemwa wapi?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza zana za kuchorea ramani zinazoweza kutumiwa katika saraka kama hiyo, jinsi zinavyotofautiana, na mahali pa kutafuta chanzo pindi ramani inapokataa kufunguka au inapoonyesha jambo lisilokuwapo. Mfano wetu utakuwa mwambao wa Waswahili, tangu Barawa katika Somalia hadi visiwa vya Pemba na Unguja. Eneo hili si kubwa mno, lakini karibu kila tatizo linaloweza kumpata mchoraji wa ramani ya lugha hupatikana humo.

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya ni ya mafundi wa kompyuta na kwamba kazi ya mwanaisimu ni kuwakabidhi data tu. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha ramani nyingi mbovu. Fundi anajua jinsi ya kuweka alama juu ya ramani. Hajui alama hiyo inadai nini. Kila alama ni dai la kitaalamu, na mwenye kulijibia ni mwanaisimu. Kwa hiyo, kabla hatujazitaja zana zenyewe, yafaa tuanze na alama.

Alama na dai lake

Wanaisimu walichora ramani za lugha muda mrefu kabla ya kuwako intaneti. Sisi wa Kenya tunayo atlasi ya lugha na lahaja iliyohaririwa na Bernd Heine na Wilhelm Möhlig, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitolewa Berlin mwaka 1980. Mchoraji wa ramani ya kuchapwa alikuwa na uhuru fulani: aliweza kutia mistari ya kukwaruza mahali penye shaka, au kuandika jina la lahaja kwa herufi zilizoachana ili zienee juu ya nchi bila kuonyesha mpaka. Zana za mtandaoni zimezoea mambo mawili zaidi ya yote, yaani nukta, na eneo lililozungushiwa mstari. Atlasi ya dunia ya miundo ya lugha ijulikanayo kama WALS, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 2005 na kuwekwa mtandaoni mwaka 2008, iliamua kutumia nukta. Glottolog vilevile huipa lugha nukta moja. Ethnologue hupendelea maeneo yenye mipaka.

Nukta ni dai dogo. Inasema tu kwamba lugha hii inahusiana na mahali hapa. Kwa lahaja ya mji mmoja, kama Kisiu, dai hilo latosha na ni la kweli. Kwa Kiswahili chote, nukta moja ni mzaha, lakini ni mzaha unaojulikana na hakuna msomaji mwenye busara atakayedhani kwamba lugha nzima imekaa pale. Eneo lenye mpaka hudai mengi zaidi. Linasema kwamba ndani ya mstari huu lahaja hii husemwa, na nje yake haisemwi. Ni nani kati yetu aliyeupita mwambao kwa miguu akauona mstari huo?

Tuchukue kisiwa cha Pate. Humo mna mji wa Pate, mji wa Siyu na mji wa Faza, na wenyeji wake husema Kipate, Kisiu na Kitikuu. Mchoraji akitia rangi tatu katika kisiwa hicho, hana budi kuamua mashamba na mikoko iliyo kati ya miji hiyo ni ya lahaja ipi. Uamuzi huo hauna msingi wowote wa kiisimu. Hapo nukta tatu ni bora kuliko rangi tatu. Zaidi ya hayo, Kitikuu, yaani Kibajuni, hakiishii Faza. Kinaendelea kaskazini katika pwani na visiwa, kinavuka mpaka wa Kenya na Somalia na kufika pande za Kismayu.

Mfano huu wa Kibajuni una uzito kuliko unavyoonekana. Tangu vita vya Somalia vilipowatawanya watu mwaka 1991, Wabajuni wengi wameomba hifadhi ng'ambo, na usemi wao umepimwa kuwa ushahidi wa asili yao. Mwaka 2004 baraza la rufani za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo juu ya mtu aliyedai kuwa Mbajuni wa Somalia, na suala mojawapo lililozingatiwa humo lilikuwa uwezo wa kusema Kibajuni. Sasa tufikirie ramani ambayo mchoraji wake, kwa kuwa programu ilimpa mipaka ya nchi tayari, ameikata rangi ya Kibajuni sawasawa juu ya mpaka wa dola, akaipa upande wa Kenya rangi moja na upande wa Somalia nyingine. Hakukusudia ubaya, alitaka usafi wa macho. Lakini mtu atakayeisoma ramani hiyo ofisini, mbali na bahari ya Wabajuni, ataona kwamba wataalamu wamethibitisha kuwako Kibajuni cha Kenya na Kibajuni cha Somalia vyenye mpaka ulio wazi. Mwombaji aliyelelewa kwa bibi yake upande wa pili wa mpaka hatakuwa na la kujibu.

Kwa sababu hiyo, sharti la kwanza la zana, kwa maoni yetu, ni kuweza kuonyesha shaka. Jambo hilo halihitaji ufundi mkubwa. Miduara mitatu yenye kitovu kimoja, kila mmoja mkubwa kuliko mwenziwe na wote wakiwa wametiwa rangi nyepesi inayopenyeza, hufanya rangi ikolee katikati na kufifia kingoni. Jicho huelewa mara moja kwamba mpaka haujulikani. Karibu kila zana tutakayoitaja inaweza kufanya hivyo, ikiwa mwenye kazi ameagiza.

Zana zenyewe

Zana inayojulikana na wengi ni Google Maps, iliyoanza mwaka 2005. Mtu anayetaka tu kuonyesha mahali ilipo idara anaweza kunakili kipande cha msimbo wanachokitoa, akakibandika katika ukurasa wake, na kazi ikaisha bila gharama. Saraka yenye nukta nyingi, vidirisha vya maelezo na utafutaji ni habari nyingine. Tangu Julai 2018 matumizi ya namna hiyo yanahitaji ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha tovuti, na ufunguo huo lazima ufungamane na akaunti ya malipo. Wakati huo kila akaunti ilipewa posho ya dola 200 kwa mwezi. Posho hiyo iliondolewa mwishoni mwa Februari 2025, na badala yake kila aina ya huduma ikawekewa kiwango chake cha matumizi ya bure.

Saraka ya lahaja haielekei kukivuka kiwango hicho, kwa hivyo fedha si pingamizi kubwa. Pingamizi ni kadi ya benki. Idara haina kadi. Mhadhiri ndiye anayo. Mhadhiri huenda masomoni, hustaafu, hubadili benki, na siku kadi yake inapokoma ndiyo siku ramani ya idara inapotiwa giza na kuandikwa juu yake maneno ya kwamba ni ya majaribio ya watengenezaji tu. Kazi ya miaka mitano haifai kutegemea mfuko wa mtu mmoja.

Zana ya pili ni mkusanyiko wa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ni hifadhi ya data ya ramani ya dunia inayoandikwa na watu wa kujitolea, na tangu 2012 data hiyo hutolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia maadamu ataje inakotoka. Leaflet, iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, ni programu ndogo ya kuionyesha ramani katika ukurasa na kuweka alama juu yake. Leaflet haina ramani ndani yake, huiomba kwingine. Mtu asemaye kwamba anatumia Leaflet hajatuambia bado ramani yake inatoka wapi.

Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa hitilafu. Ramani ya tovuti haiji ikiwa nzima. Huja vipande vipande vya mraba, ambavyo tutaviita vigae, na kivinjari huvipanga vikaonekana kama karatasi moja. Dunia ikitazamwa kwa mbali kabisa ni kigae kimoja. Kila hatua moja ya kukaribia huzidisha idadi ya vigae mara 4. Seva za OpenStreetMap hutoa vigae hivyo bila malipo, lakini zinaendeshwa kwa michango, hazitoi ahadi ya kudumu, zinakataza kupakua vigae kwa wingi, na zinataka kila ombi lijitambulishe linatoka ukurasa gani. Saraka ndogo ya idara inaweza kuzitumia kwa amani ikitimiza masharti hayo. Saraka itakayofunguliwa na madarasa mazima kila siku yafaa itafute vigae mahali pengine, au ijitengenezee vyake.

Zana ya tatu ni MapLibre, iliyozaliwa baada ya kampuni ya Mapbox kubadili leseni ya programu yake mnamo Desemba 2020. Watumiaji waliopenda leseni ya zamani waliichukua nakula ya mwisho iliyokuwa huru wakaiendeleza. Ubora wake kwetu ni mmoja, nao ni wa lugha. Vigae vya kawaida ni picha: majina yamekwisha kupigwa chapa ndani yake, na mwenye tovuti hawezi kuyabadili. Vigae vya MapLibre ni data, na majina huandikwa na kivinjari wakati wa kuionyesha ramani. Kwa kuwa OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika jina la kila mahali kwa kila lugha, Kiswahili kikiwamo, mchoraji anaweza kuagiza kwamba jina la Kiswahili litangulie pale lilipoandikwa, na jina jingine litumike pale lisipokuwapo. Ramani ya Kiswahili yenye majina ya Kiswahili si anasa. Hata hivyo programu hii ni nzito kuliko Leaflet, na simu za bei nafuu ambazo wanafunzi wetu wengi huzitumia huichelewesha.

Ikiwa idara haina mtu wa kuandika msimbo hata kidogo, uMap, ambayo nayo inategemea OpenStreetMap, yatosha kuanzia. Mtu hupakia jedwali lake, huchagua rangi, kisha huibandika ramani katika ukurasa. Kwa hali ya idara nyingi tungependekeza Leaflet.

Ramani isipofunguka

Anayekabiliwa na hitilafu ajiulize swali moja kabla ya kugusa chochote: je, ramani haionekani, au inaonekana lakini alama zimepotea njia? Likiwa la kwanza, ugonjwa u katika zana. Likiwa la pili, takriban siku zote ugonjwa u katika data, na kubadili zana hakutaponya kitu.

Hitilafu za zana ni chache na tutazipitia haraka. Ramani ya Leaflet ikiwa haionekani kabisa na hakuna onyo lolote, aghalabu kisanduku chake hakikupewa kimo, na kisanduku kisicho na kimo ni mstari mtupu. Vigae vikiwa vimetawanyika ovyo ukurasani, faili la mitindo la Leaflet halikupakiwa. Kama kimejitokeza kigae kimoja tu pembeni na sehemu iliyobaki ni ya kijivu, ramani ilifunguliwa ndani ya sehemu iliyokuwa imefichwa, ikadhani haina upana. Iamriwe kujipima upya sehemu hiyo inapofunuliwa. Ramani ya Google iliyokuwa ikifanya kazi jana na leo imekataa, hasa baada ya tovuti kuhamishwa kutoka http kwenda https au kuongezewa www, ina ufunguo uliowekewa mipaka ya anwani ya zamani.

Alama zilizopotea

Hitilafu za data ndizo zinazomhusu mwanaisimu, na zina elimu ndani yake.

Mahali popote duniani huelezwa kwa namba mbili: latitudo, yaani umbali wa kaskazini au kusini ya ikweta, na longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Mombasa iko karibu na latitudo -4.05 na longitudo 39.67, alama ya kutoa ina maana ya kusini. Leaflet hutaka latitudo itangulie. Muundo wa GeoJSON, ambao ndio unaotumika zaidi kuhifadhi data ya ramani na ulisanifishwa mwaka 2016, hutaka longitudo itangulie. Anayehamisha namba kutoka huku kwenda kule bila kuzigeuza ataikuta Mombasa katika latitudo 39.67 kaskazini na longitudo 4.05 magharibi, na hapo ni Hispania, kilomita 20 hivi kusini ya mji wa Toledo. Mwambao wote utahamia huko pamoja nayo. Mtu akiona Wavumba na Waamu wamefanya makao katikati ya Hispania, asiilaumu programu. Ageuze safu mbili za jedwali lake.

Kosa la pili ni kusahau alama ya kutoa. Mombasa bila alama hiyo huangukia Ethiopia, kaskazini-mashariki ya Moyale, na Lamu huangukia kaskazini ya Kenya, kusini ya El Wak. Dawa ambayo wengi huifikiria ni kuitia alama ya kutoa katika safu nzima kwa mkupuo mmoja. Lakini Barawa, wanakosema Chimiini, iko kaskazini ya ikweta, karibu latitudo 1.11. Mkupuo huo huizamisha Barawa katika Bahari ya Hindi, na kwa kuwa ni nukta moja kati ya nyingi, hupita muda kabla ya mtu kuiona. La tatu ni safu iliyoachwa tupu, ambayo programu nyingi huihesabu kuwa sifuri. Lahaja ambayo mahali pake hapakujazwa huonekana katika Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, ambapo ikweta hukutana na mstari wa Greenwich.

Yako makosa madogo zaidi ambayo ni hatari kwa sababu hayachekeshi. Vitabu vya zamani na ramani za kuchapwa huandika mahali kwa digrii na dakika. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo namba hiyo kwa desimali ni 2.27, wala si 2.16. Anayeandika 2.16 amekosea kwa kilomita 12 hivi. Katika jiji la nchi tambarare huenda hilo lisiwe kitu. Katika visiwa vya Lamu ni kitu. Umbali kati ya Pate na Siyu haufiki kilomita 12, na tumekwisha kusema kwamba hizo ni lahaja mbili.

Majina nayo yana mambo yake. Saraka nyingi hujengwa kutokana na orodha ya majina ya miji, na mahali hutafutwa na mashine: jina hupelekwa katika huduma ya utafutaji, namba mbili hurudi. Huduma ya OpenStreetMap iitwayo Nominatim hufanya kazi hiyo bure, kwa sharti la kutopeleka maombi zaidi ya moja kwa sekunde na kuyahifadhi majibu ili yasiombwe tena. Ila mashine huyajua tu majina yaliyoandikwa katika hifadhi yake, na majina ya mwambao wetu yana nguo nyingi. Siyu imeandikwa Siu. Faza huitwa Rasini. Lamu ni Amu kwa wenyeji. Mombasa ni Mvita. Barawa ni Miini kwa wasemaji wa Chimiini, na Brava katika vitabu vya Wataliano. Makunduchi ni Kae, na lahaja yake Kikae. Mtafiti aliyeandika jina la wenyeji katika daftari lake, kama inavyompasa, ndiye atakayerudishiwa jibu tupu.

Jibu tupu ni afadhali kuliko jibu la uongo. Tuseme orodha ina neno Pemba bila maelezo mengine. Kiko kisiwa cha Pemba, na uko mji wa Pemba katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Mashine yaweza kuleta huo wa pili. Na pwani ile ya Msumbiji ndiko kunakosemwa Kimwani, lugha yenye mfanano mkubwa na Kiswahili, hata msomaji akiona nukta yenye msamiati wa Kiswahili imekaa pale hatashtuka. Lahaja iliyohamia Toledo hujitangaza yenyewe. Kipemba kilichohamia Cabo Delgado chaweza kukaa huko miaka, na mwanafunzi akajenga juu yake hoja nzima ya uenezi wa sauti. Malindi ni vivyo hivyo: uko mji wa Kenya, na uko mtaa katika mji wa Unguja.

Kinga ni mbili. Kwanza, kila jina lipelekwe likiwa na nchi na, iwezekanapo, kaunti au mkoa, na huduma iwekewe mipaka ya eneo la kutafuta. Pili, na hili twalihimiza zaidi, wanaisimu wenyewe wayaandike majina yanayokosekana. OpenStreetMap ina nafasi ya jina la lugha fulani, jina la zamani na jina jingine linalotumika, na kila aliyejisajili anaruhusiwa kuzijaza. Tumezoea kulalamika kwamba majina ya mwambao yameharibiwa na waandishi wa kigeni. Hapa kuna mlango usiofungwa, na kazi ya kumwandikia Rasini jina lake haizidi dakika 10.

Nyumba ya mzee

Namba za ramani zinaweza kuandikwa kwa desimali nyingi au chache, na tofauti hiyo si ya urembo. Desimali 1 ya digrii ni kilomita 11 hivi. Desimali 2 ni kilomita 1. Desimali 5 ni mita 1. Simu ya mtafiti aliyekaa barazani kwa mzee akimrekodi huandika mahali kwa desimali 5 au zaidi bila kuulizwa, na namba hizo huingia katika jedwali, kisha katika faili la ramani. Hata kama ramani haionyeshi jina la mzee, faili lake huweza kupakuliwa na kila mtu, na humo mlango wa nyumba umeelezwa kwa mita. Ukiongeza umri wake, ukoo wake na sauti yake, hakuna siri iliyosalia.

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahusika hapa, na Tanzania nayo ilitunga yake mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, mzee alitupa maneno yake. Hakutupa njia ya kwake. Saraka ya lahaja haihitaji zaidi ya desimali 2. Namba zikatwe katika faili lenyewe kabla ya kupakiwa, si katika maonyesho tu, kwa sababu kuzificha machoni na kuziacha ndani ya faili ni kutofanya lolote. Namba kamili zibaki katika kumbukumbu ya idara chini ya ufunguo.

Waliohama

Imebaki habari ya watu ambao mahali pao si pao tena. Chimiini kimewekwa Barawa katika kila orodha, na haki yake kiwekwe. Lakini baada ya 1991 wengi wa wasemaji wake waliondoka, wakapita Mombasa, na baadhi wakaishia Uingereza na Marekani. Nukta moja ya Barawa hueleza asili na kuficha hali. Kuiondoa kungekuwa dhuluma. Kuiacha peke yake ni ukimya ambao msomaji ataudhania kuwa habari.

Njia tunayoipendelea ni kuwa na safu mbili katika jedwali, moja ya chimbuko na moja ya mahali wasemaji waliporekodiwa, kila rekodi ikiwa na mwaka wake, na alama zake ziwe za umbo tofauti. Hapo inazuka hitilafu ya mwisho. Ramani za mtandaoni takriban zote hutumia mchoro wa Mercator, ambao huzidi kuvikuza vitu kadiri vinavyoachana na ikweta. Kwetu hilo halidhuru, kwa kuwa mwambao wote u karibu na ikweta. Lakini mduara wa kilomita 20 uliochorwa London huonekana na upana wa mara 1.6 kuliko mduara ule ule uliochorwa Barawa, na eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu. Msomaji atadhani kwamba Chimiini kimestawi London kuliko kwao. Leaflet ina miduara ya aina mbili, inayopimwa kwa mita za ardhini na inayopimwa kwa nukta za skrini. Alama za walikohamia watu zichorwe kwa aina hii ya pili, zote kwa kipimo kimoja. Idadi ya wasemaji iandikwe kwa tarakimu ndani ya kidirisha kinachofunguka alama inapobonyezwa, pamoja na mwaka wa hesabu, na pasipokuwa na hesabu pabaki wazi.